Namna ya kupima programu ya ubingwa wa mifupa kabla ya kuomba: mwongozo kwa mwanafunzi wa udaktari wa Mtwara na Lindi

Mwanafunzi wa udaktari anayetaka kuwa bingwa wa mifupa kwa kawaida huchagua programu kwa jina la chuo, kwa ushauri wa mkubwa mmoja aliyemtangulia, au kwa sababu ndiyo iliyotangaza nafasi mapema. Uamuzi huo utamchukulia miaka kadhaa na fedha nyingi, na kwa sehemu kubwa ndio utakaoamua mikono yake itaweza kufanya nini katika maisha yake yote ya kazi. Mwongozo huu ni kwa wanafunzi wa miaka ya kliniki na walio katika mwaka wa mazoezi kwa vitendo, hasa wenye nia ya kurudi kufanya kazi Kusini: Ligula, Sokoine pale Lindi, Ndanda, Nyangao, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, au hospitali kama Mkomaindo ya Masasi. Kipimo ninachokipendekeza ni kimoja. Programu ipimwe kwa mgonjwa utakayemkuta huku, na kwa kiasi itakachokuwezesha kumtibu vizuri siku ambayo hakuna bingwa mwingine wa kumwita.

Hatua ya kwanza: mfahamu mgonjwa wako

Kabla ya kufungua tovuti ya chuo chochote, kaa katika wodi ya upasuaji ya hospitali ya mkoa wako na uandike unachokiona. Utawakuta vijana wa bodaboda waliovunjika mfupa wa paja au wa muundi, mara nyingi mfupa ukiwa umetoboa ngozi na kidonda kimeingia mchanga. Utamkuta mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au mwembe, visigino vimesagika na pingili ya mgongo imebonyea. Utawakuta watoto waliovunjika mkono juu kidogo ya kiwiko, bibi aliyeteleza bafuni akavunjika shingo ya mfupa wa paja, mtoto ambaye mfupa wake umetoa usaha kwa miezi, na kichanga mwenye nyayo za kupinda. Wapo pia wanaofika baada ya kupitia kwa mtaalamu wa jadi wa kuunga mifupa, wengine mfupa ukiwa umeshaunga upande, na wachache vidole vikiwa vimeanza kuwa vyeusi kwa sababu magango yalifungwa kwa kubana mno.

Katika daftari lako gawa ukurasa sehemu tatu: tatizo la mgonjwa, matibabu aliyostahili kupata, na matibabu aliyopata. Pale ambapo sehemu ya pili na ya tatu hazilingani, andika sababu. Je, kilikosekana kifaa, damu, mtaalamu wa usingizi, fedha, au daktari mwenye ujuzi? Sababu hiyo ya mwisho ndiyo unayokwenda kuisomea, na orodha yake itakuwa mizani yako katika hatua zote zinazofuata.

Wengine husema kwamba kesi ngumu zitapewa rufaa kwenda Dar es Salaam, kwa hiyo si lazima kujifunza kila kitu. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na mgonjwa wa Liwale au Nanyumbu ana safari nyingine ndefu kabla hajafika hata hospitali ya mkoa. Mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam katika eneo la Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Mvunjiko wa wazi, ule ambao mfupa umetoboa ngozi, hausubiri barabara ifunguliwe. Bingwa anayerudi Kusini anapaswa kuwa amefundishwa kwa kudhani kwamba rufaa inaweza isiwezekane.

Hatua ya pili: zijue njia zilizopo na uthibitishe uhalali wake

Kwa Tanzania kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni shahada ya uzamili ya chuo kikuu, inayofahamika kama MMed. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufundisha ubingwa wa mifupa na majeraha kwa kuitumia Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 na ambayo hutibu pia majeraha ya ubongo na mishipa ya fahamu. Kule Moshi, chuo kikuu kilichopo KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, nacho kinafundisha ubingwa huu. Njia ya pili ni ya Chuo cha Madaktari Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha. Huku hujiungi na chuo kikuu. Unafanya kazi na kujifunza katika hospitali iliyokaguliwa na kukubaliwa na chuo hicho, unafanya mtihani wa uanachama baada ya miaka miwili ya upasuaji wa jumla, kisha unaendelea na miaka mitatu ya mifupa kabla ya mtihani wa mwisho. Baadhi ya madaktari huzichanganya njia hizi mbili.

Usiamini maelezo ya mdomo kuhusu uhalali. Thibitisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama shahada imeidhinishwa, au kwa COSECSA kama hospitali bado ina kibali cha kufundisha mifupa, kwa kuwa kibali cha upasuaji wa jumla hakitoshi. Kisha uliza Baraza la Madaktari Tanganyika kama sifa hiyo itakuwezesha kusajiliwa kuwa bingwa, jambo ambalo ni la lazima zaidi kwa anayetaka kusoma nje ya nchi.

Hatua ya tatu: uliza nani anashika kisu

Hapa ndipo programu zinapotofautiana kwa kweli, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapodanganyika kwa wingi wa wagonjwa. Hospitali inaweza kupokea majeruhi wengi kila usiku na bado rezidenti wake, yaani daktari anayesomea ubingwa, akamaliza mafunzo akiwa ameshika zaidi ndoano za kuvutia nyama kuliko drili. Idadi ya wagonjwa igawanye kwa idadi ya marezidenti, ukijumlisha humo madaktari wageni, wanafunzi wa ubobezi na hata madaktari wa upasuaji wa jumla wanaopitia kitengo hicho, kwa sababu wote wanagombea meza ileile.

Kila rezidenti hujaza kitabu cha kumbukumbu za upasuaji, na vitabu hivyo hutofautisha kati ya kutazama, kusaidia, kufanya huku mwalimu akisaidia, na kufanya mwenyewe. Muombe rezidenti wa mwaka wa mwisho akueleze kitabu chake, bila kukuonyesha majina ya wagonjwa. Usiulize swali la jumla, maana jibu la jumla halina msaada. Uliza hivi kuhusu msumari, yaani chuma kirefu kinachoingizwa ndani ya mfupa uliovunjika: «Msumari wa mfupa wa paja ulianza kuupiga mwenyewe mwaka wa ngapi, na mwalimu alikuwa amenawa mikono kando yako au alikuwa ofisini?» Uliza vivyo hivyo kuhusu kusafisha mvunjiko wa wazi, kuweka vyuma vya nje ambavyo wagonjwa huviita antena, kunyoosha kiwiko cha mtoto na kukishikilia kwa pini, kukata kiungo, na kutoa mfupa uliokufa kwa mgonjwa mwenye usaha wa muda mrefu. Ulinganishe majibu na daftari lako la wodini.

Kuna kasoro mbili zinazopingana, na zote ni mbaya. Katika programu moja mwalimu hufanya kila kitu na rezidenti hutazama hadi mwaka wa mwisho. Katika nyingine rezidenti wa mwaka wa kwanza huachwa usiku na mvunjiko wa wazi, na bingwa huja asubuhi kusikiliza taarifa. Wanafunzi wenye ari huvutiwa na hiyo ya pili kwa kuwa inaonekana kutoa nafasi ya kujifunza. Mimi naiona kuwa hatari zaidi, kwa sababu mtu anayejifundisha mwenyewe usiku hurudia kosa lilelile mpaka likawa desturi yake, na anayelipa gharama ni mgonjwa. Tafuta programu ambayo mkono wa mwalimu unaonekana sana mwanzoni na unapungua mwaka hadi mwaka kwa utaratibu unaojulikana.

Hatua ya nne: tazama vifaa, na jinsi wanavyofanya visipokuwapo

Programu yenye mashine ya eksirei inayoonyesha mfupa papo hapo wakati wa upasuaji ina faida kubwa, na hupaswi kuidharau. Hata hivyo, daktari ambaye hajawahi kupiga msumari bila mashine hiyo atashindwa siku itakapoharibika, na katika hospitali za pembezoni fundi wake anaweza kuchukua wiki nyingi kufika. Ndiyo maana ni muhimu kuuliza kama programu inafundisha msumari wa SIGN. Shirika la SIGN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, lilibuni msumari ambao skrubu zake za kufungia huelekezwa kwa kifaa maalumu cha kulengea kinachofungwa kwenye msumari wenyewe, ili upasuaji uweze kufanyika bila eksirei ya theata. Madaktari huingiza picha na taarifa za kila upasuaji katika kumbukumbu za shirika hilo, na kwa njia hiyo hupelekewa misumari mingine kujazia iliyotumika. Rezidenti aliyezoea utaratibu huu amejifunza mambo mawili kwa pamoja: mbinu ya upasuaji, na tabia ya kufuatilia mgonjwa baada ya kumruhusu.

Usiishie kwenye upasuaji. Omba kuingia katika chumba cha plasta, na ukae humo asubuhi nzima. Mimi naamini chumba hicho hueleza ukweli wa programu kuliko theata yake. Tazama kliniki ya watoto wenye nyayo za kupinda wanaotibiwa kwa njia ya Ponseti. Plasta hubadilishwa takribani kila wiki, mara tano hadi saba kwa kawaida, kisha kwa watoto wengi kano ya kisigino hukatwa kwa ganzi ndogo, na baada ya hapo mtoto huvaa viatu vyenye fimbo saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala hadi afikie miaka minne au mitano. Angalia vidole vya anayefunga: je, amemnyoosha mtoto kwanza kwa upole huku akibonyeza pale kichwa cha mfupa wa talasi kilipo, au amekimbilia kuzungusha bandeji? Je, rezidenti ndiye anayefunga huku mwalimu akiongoza, au kazi yote imeachiwa fundi wa plasta na rezidenti hayupo kabisa? Je, mama ameelezwa kwa Kiswahili chepesi kwamba viatu vikiachwa mguu utarudi kama ulivyokuwa? Bingwa wa Mtwara atakutana na watoto hawa kila mwaka, na matibabu yao yanahitaji plasta, subira na maelezo zaidi kuliko yanavyohitaji theata ya kisasa. Programu inayoidharau kazi hii haikufai, hata kama inabadilisha nyonga kila wiki.

Hatua ya tano: nenda ukaone kwa macho

Nchini Marekani, ambako mafunzo ya ubingwa wa mifupa ni miaka mitano, ni desturi kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kufanya kazi kwa wiki kadhaa katika hospitali anazotarajia kuomba, ili hospitali imfahamu naye aifahamu. Kwetu hakuna sharti kama hilo, lakini muda wa mazoezi ya hiari, ambao wengi huuita elektivu, unaweza kutumika hivyohivyo. Andika barua mapema kupitia ofisi ya mkuu wa kitivo chako, omba wiki nne ikiwezekana, na useme wazi kwamba unataka kujifunza mifupa. Ukikosa wiki nne, hata wiki moja iliyotumika vizuri inatosha kuona mengi, mradi ujumuishe zamu ya usiku wa Jumamosi.

Kikao cha asubuhi ndicho cha kwanza kukitazama. Chukua mfano wa kijana aliyeletwa usiku na mvunjiko wa muundi ambao haukutoboa ngozi. Rezidenti anaonyesha eksirei, anasema amefungwa gango na kupewa dawa ya maumivu, na anataka kuendelea na mgonjwa mwingine. Mwalimu mzuri atamsimamisha na kuuliza kama mguu ulikuwa mgumu ulipobonyezwa, kama kijana alilia vidole viliponyooshwa, na nani alirudi kumwangalia saa nane usiku. Anauliza hivyo kwa sababu shinikizo likipanda ndani ya misuli ya mguu, msuli huanza kufa baada ya saa chache, na tiba ni kupasua utando unaoibana bila kuchelewa. Sikiliza jinsi swali linavyoulizwa na jinsi linavyojibiwa. Ikiwa rezidenti anaweza kusema mbele ya wote kwamba hakurudi kuangalia, na kikao kikahama mara moja kwenda kumwangalia mgonjwa, basi hapo watu wanafundishwa. Ikiwa anadanganya kwa hofu ya kutukanwa, au hakuna anayeuliza chochote, umeona jambo ambalo hakuna tovuti itakayokuambia.

Hesabu pia muda ambao mgonjwa mwenye mvunjiko wa wazi anakaa kabla ya kupata antibayotiki na kabla ya kusafishwa theata. Antibayotiki inapaswa kutolewa mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja tangu afike. Ucheleweshaji mara nyingi si kosa la daktari mmoja. Unaonyesha jinsi idara ya dharura, theata na duka la dawa zinavyoshirikiana, na wewe utajifunza ushirikiano huo au ukosefu wake.

Hatua ya sita: zungumza na marezidenti, mmoja mmoja

Mazungumzo ya kundi hutoa majibu ya heshima. Mtafute rezidenti wa mwaka wa kwanza, wa mwaka wa mwisho, na ikiwezekana daktari aliyemaliza na sasa anafanya kazi nje ya jiji, kwa sababu huyo wa tatu anajua ni ujuzi gani aliukosa alipofika kazini. Waamkie kwa adabu, waeleze unatoka wapi na unakusudia nini, na uwahakikishie kwamba maneno yao hutayapeleka popote.

Waulize ni wangapi walianza pamoja nao na ni wangapi wamemaliza kwa wakati. Programu nyingi za chuo kikuu hudai tasnifu, na tasnifu ndiyo inayowachelewesha wengi: kibali cha maadili huchukua muda, msimamizi ana kazi nyingi, na data hukusanywa kati ya zamu na zamu. Uliza kama kuna muda uliotengwa kwa utafiti na kama msimamizi husoma rasimu kwa wakati. Ukiwa na swali la utafiti kutoka Kusini, kwa mfano majeraha ya kuanguka kutoka mitini, uliza kama utaruhusiwa kukusanya data Ligula au Ndanda. Jibu litakuonyesha kama programu inawafikiria wagonjwa walio nje ya kuta zake.

Waulize walimu waliopo ni wangapi na ni wa fani zipi: watoto, uti wa mgongo, mkono, nyonga na magoti, uvimbe wa mifupa. Hospitali inayotegemea mwalimu mmoja inaweza kufundisha vizuri mno mwaka huu na kusimama mwaka ujao akihama.

Mwanafunzi wa kike atafute mabingwa na marezidenti wa kike na awaulize mambo ambayo hayaandikwi: chumba cha kupumzikia usiku kikoje, aproni za kukinga mionzi zipo na zinawatosha, na mwenzao alipopata ujauzito mafunzo yake yalipangwaje. Uchache wa wanawake katika fani hii usichukuliwe kuwa sababu ya kuikimbia, ila namna programu ilivyowatendea wale waliotangulia ni ushahidi wa kutosha.

Hatua ya saba: fedha, mkataba na familia

Piga hesabu ya ada, bima, kodi ya nyumba, mitihani, gharama za utafiti na nauli, kwa miaka yote ya mafunzo. Kwa njia ya COSECSA, uliza kama hospitali itakuajiri na kukulipa mshahara wakati unasoma, na nani atalipia mitihani, ambayo inaweza kufanyika katika nchi nyingine. Kwa njia ya chuo kikuu, uliza kuhusu ufadhili wa Wizara ya Afya na wa mwajiri wako. Mtumishi wa umma asiondoke kituoni bila ruhusa ya masomo iliyoandikwa, kwani bila hiyo mshahara na nafasi yake vinaweza kuwa mashakani.

Mkataba wa ufadhili usomwe mstari kwa mstari. Tazama utatumikia wapi baada ya kumaliza, kwa miaka mingapi, na itakuwaje ukichelewa kumaliza. Kwa mtu anayekusudia kurudi Mtwara au Lindi, sharti la kurudi linaweza kuwa faida, ikiwa utazungumza na mganga mfawidhi kabla ya kuondoka kuhusu theata, vifaa na mtaalamu wa usingizi watakaokuwapo ukirudi. Mazungumzo hayo yafanyike kwa barua, nakala ibaki kwako.

Hatua ya nane: amua, kisha uandae maombi

Ukishakusanya majibu, usizipe hoja zote uzito sawa. Kwanza weka usimamizi na kazi ya mikono. Pili, weka ulinganifu wa kesi na daftari lako la wodini. Tatu, uwezekano wa kumaliza kwa wakati. Fedha zinafuata, na ingawa zinaweza kukuzuia kabisa, zisikufanye uchague mafunzo dhaifu pale ambapo ufadhili wa mafunzo bora ungepatikana kwa kusubiri mwaka mmoja. Mwaka huo wa kusubiri ukiutumia katika wodi ya mifupa ya hospitali ya mkoa, utaingia darasani ukiwa na mikono iliyozoea plasta, kuvuta mguu uliovunjika kwa kuufungia uzito, na usafishaji wa vidonda.

Omba programu mbili au zaidi. Andaa mapema cheti cha shahada na matokeo yako, cheti cha kumaliza mwaka wa mazoezi kwa vitendo, usajili wa Baraza, ruhusa ya mwajiri, na barua za wadhamini wawili waliokuona ukifanya kazi, ambao angalau mmoja wao awe bingwa wa mifupa au wa upasuaji. Katika barua yako ya maombi eleza kwa ufupi ulichokiona wodini kwako na kile unachotaka kufundishwa na programu hiyo hasa, ukitaja kliniki au kikao ulichohudhuria, na uwasilishe maombi wiki kadhaa kabla dirisha halijafungwa, kwa kuwa mitandao ya vyuo huzidiwa siku za mwisho na nyaraka zilizokosewa hazipati muda wa kurekebishwa.